Mianzi ya Asili Huota Wapi, na Kwa Nini Huota Hapo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akiuliza kama mwanzi utakubali kwenye ardhi yake, mara nyingi hujibiwa kwamba mwanzi unaota popote. Si kweli, na jibu hilo limewapotezea wengi miche na miaka. Kila spishi ya mwanzi ina kwao, na mipaka ya kwao imewekwa na mvua, baridi, mwinuko na udongo. Haya hapa ni maswali yanayojirudia zaidi kuhusu mipaka hiyo.

Mwanzi ni mti au nyasi, na ina maana gani kwa mahali unapoota?

Ni nyasi, familia moja na mahindi, mpunga, ngano na muwa. Kuna spishi zaidi ya 1,600. Hauna mzizi mkuu unaozama chini kabisa kufuata maji kama miti mingi ya nchi kavu. Sehemu kubwa ya mizizi yake imejazana kwenye nusu mita ya juu ya ardhi, na maisha yake yanategemea unyevu ulioko hapo. Tabaka hilo likikauka kwa muda mrefu, mwanzi hauna akiba nyingine ya kuchota.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalitaji sana. Nyasi nyingi za mbuga za joto, pamoja na mahindi na mtama, zina namna ya kunasa hewa ya ukaa bila kupoteza maji mengi hata jua likiwa kali. Mwanzi hauna namna hiyo. Unatengeneza chakula chake kwa njia ileile ya mpunga na ngano, na njia hiyo inatumia maji mengi zaidi kwenye joto. Ndiyo maana mianzi mingi ya asili utaikuta msituni, mabondeni, kandokando ya mito na milimani penye ukungu, na mara chache sana katikati ya mbuga iliyo wazi. Zipo spishi zilizoumudu ukame, lakini ni chache na kila moja ina mbinu yake.

Mianzi ya asili inapatikana mabara yapi?

Yote isipokuwa Ulaya na Antaktika. Kaskazini inafika visiwa vya Sakhalin na Kuril, juu ya Japani, karibu digrii 50 kutoka ikweta. Kusini inafika Chile, karibu digrii 47. Kwa mwinuko, inaanzia usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 4,000 kwenye milima ya Andes, ambako mianzi ya jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu) iitwayo Chusquea inaota mahali ambapo miti mikubwa imeshakata tamaa.

Asia ndiyo yenye spishi nyingi kuliko mabara mengine, ikifuatiwa na Amerika ya Kati na Kusini. Afrika bara ina spishi chache mno kwa ukubwa wake, ilhali kisiwa cha Madagaska peke yake kina zaidi ya 30. Australia nayo inazo chache, mmojawapo ukiwa Bambusa arnhemica, unaojipanga kando ya mito ya kaskazini mwa nchi hiyo.

Mbona Ulaya haina mwanzi wa asili, na iliyopandwa huko inastawi?

Swali zuri, kwa sababu linaonyesha kwamba tabianchi ya leo haielezi kila kitu. Karibu na mji wa Anduze, kusini mwa Ufaransa, kuna bustani ya mianzi iliyoanzishwa mwaka 1856, na mianzi mikubwa ya kutoka China inasimama pale mpaka leo. Kwa hiyo mahali pa kuota papo.

Tatizo liko kwenye historia. Enzi za barafu zilipokuja, mimea ya kaskazini ilibidi irudi kusini kizazi kwa kizazi ikifuata joto. Mashariki ya Asia njia ilikuwa wazi, ardhi inashuka kusini bila kukatika na mvua za msimu wa joto ziko za kutosha. Ulaya ilikuwa na milima iliyolala mashariki hadi magharibi, kisha bahari ya Mediterania, na kando ya bahari hiyo msimu wa joto hauna mvua. Mimea mingi inayopenda unyevu ilikwama hapo na kupotea, ilhali ndugu zake wa Asia walibaki. Mwanzi ni wa kundi hilo.

Mwanzi unahitaji mvua kiasi gani kwa mwaka?

Jumla ya mwaka ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, ni mvua inanyesha lini.

Fukua taratibu pembeni mwa kichaka cha mwanzi wiki chache kabla ya mvua kuanza. Utakuta kwenye shina linalotambaa chini ya ardhi kuna macho, yaani machipukizi ambayo bado hayajatoka, yaliyovimba, yamefungwa kwa magamba yanayofunikana, ncha zimeelekea juu. Jicho linapotokeza juu ya udongo, limekwisha kuwa na unene wake wa mwisho. Mwanzi haunenepi mwaka hadi mwaka kama mti. Unarefuka tu, pingili zake zikijivuta, na ndani ya miezi miwili hadi minne unafikia urefu wote utakaokuwa nao maishani. Wakati huo chipukizi hana majani ya kujilisha. Anakula akiba ya kichaka na kunywa maji ya tabaka la juu la udongo. Ukame ukiangukia kwenye wiki hizo, machipukizi mengi hufa yakiwa mafupi, na yanayopona huwa membamba. Mvua kubwa ikija miezi mitatu baadaye haiwezi kurudisha kilichopotea mwaka huo.

Kwa hiyo sehemu mbili zenye milimita 1,200 kila moja zinaweza kutofautiana kabisa. Moja mvua yake inakuja kwa mpangilio wakati wa machipukizi, nyingine inamwagika yote kwa mwezi mmoja na kukimbilia mtoni.

Kama bado unataka tarakimu: moso wa China, Phyllostachys edulis, uko kwao penye milimita 1,200 hadi 1,800 na wastani wa nyuzijoto 15 hadi 20. Dendrocalamus strictus wa India unavumilia hata milimita 750. Oxytenanthera abyssinica, mwanzi wa nchi za chini za Afrika kuanzia Senegali hadi Ethiopia na kuteremka hadi Angola na Msumbiji, unaishi kwenye miombo na savana zenye kiangazi cha miezi kadhaa mfululizo. Hii miwili ya mwisho hupukutisha majani kiangazi kikikolea, nayo ni mbinu ya kupunguza maji yanayopotea.

Kwa nini mlima mmoja una mianzi upande mmoja na upande mwingine hauna?

Mlima Kenya unalijibu swali hili vizuri kuliko kitabu. Mwanzi wa milimani wa Afrika, Oldeania alpina, unafanya ukanda mzima kati ya takriban mita 2,400 na 3,000 upande wa kusini, mashariki na magharibi. Ukizunguka kwenda kaskazini, ukanda unakatika. Mwinuko ni uleule na jiwe la chini ni lilelile la volkano. Kilichobadilika ni mvua. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupiga upande wa kusini-mashariki na kumwaga maji zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na zikifika kaskazini zimekauka. Upande huo hupata chini ya milimita 1,000.

Mwinuko wenyewe unafanya kazi mbili. Juu panakuwa na baridi, hivyo maji hayatoki kwa haraka kwenye majani. Pia kuna ukungu unaoning'inia kwenye majani na kudondoka chini kama mvua ndogo, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Kwa nyasi isiyoweza kubana maji kwenye joto, ukanda wa mawingu ni makazi bora kabisa. Aina hii ya mwanzi inarudia mpangilio huo kwenye Aberdare, Mau, Elgon, Rwenzori, volkano za Virunga na nyanda za juu za Ethiopia. Huko Virunga gorila wa mlimani hushuka kwenye ukanda wa mianzi machipukizi yanapotoka na mvua, na wanajua wakati wake.

Basi Kilimanjaro, yenye mvua nyingi na udongo wa volkano, mbona haina ukanda wa mianzi?

Ni kweli haina, isipokuwa kipande kidogo upande wa kaskazini. Mteremko wa kusini unapata mvua kuliko milima mingi yenye mianzi, kwa hiyo mvua si sababu. Maelezo yaliyotolewa na watafiti wa mimea ya mlima huo yanawahusu wanyama wakubwa. Mwanzi unapenda msitu uliofunguliwa: tembo na nyati wanapoangusha miti na kukanyaga vichaka, mwanga unafika chini na mwanzi unaiwahi nafasi kabla miti haijarudi. Kusini mwa Kilimanjaro, kwenye mabonde makali, wanyama hao hawafiki kwa wingi, na msitu umebaki umefunga.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaochora ramani za mwanzi hutumia mvua na joto peke yake. Ramani za namna hiyo zitakuonyesha mahali mwanzi unapoweza kuishi. Kuwapo kwake kweli kunahitaji pia nafasi na mwanga.

Mwanzi unawezaje kuishi kwenye theluji?

Kwa kufunikwa nayo. Mianzi ya tropiki huungua majani na kufa mashina nyuzijoto zikishuka kidogo tu chini ya sifuri. Ile ya nchi za baridi ni nyingine: moso unastahimili hadi karibu nyuzi 15 chini ya sifuri, na ipo inayopita hapo.

Mfano wa Japani unanivutia sana. Mianzi mifupi ya jenasi iitwayo Sasa imejaa kwenye misitu ya huko, lakini spishi zimegawana nchi kwa kina cha theluji. Upande wa Bahari ya Japani, ambako theluji ni ya mita kadhaa, unaota Sasa kurilensis. Macho yake yako juu, kwenye mashina. Majira ya baridi mashina hujilaza, theluji huyafunika, na chini ya theluji hiyo hali ya joto hukaa karibu na sifuri hata hewa ya juu ikiwa kali mno. Upande wa Pasifiki theluji ni haba na upepo ni mkavu. Huko anaishi Sasa nipponica, ambaye macho yake yamejificha ardhini na mashina yake hayadumu zaidi ya mwaka mmoja au miwili. Mpaka wao unakaribia sana mstari ambapo theluji hufikia kina cha sentimita 50. Kilichopanga makazi ya mimea hii ni mahali jicho linapojificha wakati wa baridi.

Udongo gani ni mzuri?

Udongo tifutifu wenye kina, mboji ya kutosha, uchachu wa wastani, na unaopitisha maji. Kwa kipimo cha pH, spishi nyingi zinaridhika kati ya 4.5 na 6.5. Hilo ndilo jibu la kawaida na halina makosa, ila linaficha jambo kubwa: mizizi ya mwanzi inahitaji hewa. Maji yakituama kwa wiki nyingi, hewa inaisha kwenye vitundu vya udongo, macho yanaoza kabla hayajatokeza. Wanaopoteza miche hutaja ukame, na mara nyingi kosa lilikuwa shimo lililogeuka bwawa.

Mianzi mitatu ya asili ya Marekani inayojulikana zaidi ni ndugu wa karibu kabisa, na udongo ndio uliowatenganisha. Arundinaria gigantea unaota kwenye kingo za mito zilizoinuka kidogo. Mafuriko yanakuja na kuondoka, na udongo wa mchanga na tope laini unakauka haraka. Arundinaria tecta unaishi kwenye vinamasi vya pwani ya mashariki. Ukikata shina lake la chini ya ardhi utaona mifereji ya hewa imezunguka pembeni, ikipeleka hewa kwenye sehemu zilizozama. Wa tatu, Arundinaria appalachiana, uliopewa jina mwaka 2006 tu, uko kwenye miteremko mikavu zaidi ya milima ya Appalachia na hupukutisha majani majira ya baridi yakikaribia. Ukiwabadilishia mahali, hata ndani ya wilaya moja yenye mvua ileile, huenda wasistawi.

Misitu ya Arundinaria gigantea ilifunika mabonde makubwa ya kusini mwa Marekani, na karibu yote imefyekwa, kwa sababu wakulima walijua kwamba penye mwanzi huo pana udongo bora kuliko kwingine. Udongo ulioulea ndio ulioumaliza.

Na udongo wa mfinyanzi?

Unategemea mteremko. Kusini-magharibi mwa Amazon, kwenye mipaka ya Brazili, Peru na Bolivia, kuna misitu iliyotawaliwa na mianzi ya Guadua yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 160,000. Sehemu kubwa iko kwenye mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi. Lakini ni nchi ya vilima vidogo vilivyokatwakatwa na mmomonyoko, hivyo maji ya juu yanateremka, na udongo wenyewe una rutuba kuliko sehemu kubwa ya Amazon. Mfinyanzi uleule kwenye bonde tambarare ni habari nyingine.

Udongo wa chumvi, magadi au chokaa?

Chumvi na magadi: achana nao, mianzi karibu yote hudumaa na majani kukauka kuanzia ncha. Chokaa ina spishi zake chache zilizozoea, kama Bonia saxatilis wa vilima vya mawe ya chokaa vya kusini mwa China. Nyingine huwa na majani ya njano kwa kukosa madini ya chuma.

Kwa nini wakati mwingine mwanzi wa aina moja una tundu na mwingine umejaa?

Dendrocalamus strictus ndio unaojulikana zaidi kwa hili. Kwenye miteremko mikavu yenye udongo haba mashina yake ni membamba na karibu hayana tundu ndani. Mahali penye unyevu na udongo mzito huwa manene yenye tundu. Oxytenanthera abyssinica nao, mkazi wa nchi kavu, kwa kawaida umejaa. Lakini usigeuze hii kuwa kanuni ya mianzi yote, kwa kuwa Chusquea za Andes zina mashina yaliyojaa na zinaishi kwenye ukungu na mvua tele.

Mabadiliko ya tabianchi yataifanya mianzi ihame?

Ingependa, ila miguu yake ni mizito. Spishi nyingi hazitoi mbegu kila mwaka. Zinakaa miongo kadhaa bila ua, halafu zinachanua karibu zote kwa pamoja na kufa. Melocanna baccifera wa kaskazini-mashariki mwa India hufanya hivyo takriban kila miaka 48. Uchanuaji wa mwisho ulianza katikati ya miaka ya 2000, na uliotangulia ulikuwa mwaka 1958 na 1959. Chusquea culeou ulichanua kwenye eneo kubwa la Patagonia mwaka 2000 na 2001. Kati ya uchanuaji mmoja na mwingine, kichaka husogea kwa shina la chini ya ardhi tu, mita chache.

Joto halisubiri miaka 48. Kwenye milima ya Qinling, China, mnyama aitwaye panda hula mianzi ya chini majira ya baridi na mianzi ya juu majira ya joto, na makadirio yanaonyesha kwamba maeneo yanayofaa mianzi hiyo yatapungua sana ifikapo mwisho wa karne hii. Mwanzi unaoishi karibu na kilele hauna mahali pa juu zaidi pa kwenda. Njia ya kusaidia ni kuacha misitu iungane kutoka bondeni hadi juu, na kukusanya mbegu kila spishi inapochanua, maana nafasi hiyo mtu huipata mara moja au mbili maishani.

Naweza kupanda mwanzi wa nchi nyingine yenye tabianchi kama yangu?

Utaota, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mianzi ya tropiki mingi hukaa kwenye kichaka kimoja kinachopanuka polepole. Ile ya nchi za baridi kidogo, kama moso, ina mashina ya chini yanayokimbia mbali. Moso ulipelekwa Japani kutoka China, tabianchi ikaukubali, na siku hizi unaingia kwenye misitu iliyotelekezwa na kuizidi miti ya asili kwa kivuli. Kama eneo lako lina spishi yake ya asili, anza na hiyo. Imeshajaribiwa na ukame, mafuriko na baridi ya hapo kwa muda ambao hakuna kitalu kinachoweza kuufikia.

Nitajuaje kama ardhi yangu inafaa?

Tembea kwanza. Tafuta mwanzi wa asili ulio karibu zaidi na uangalie umekaa wapi: ukingoni au bondeni, upande wa jua la asubuhi au wa mchana, chini ya miti au peke yake. Pima mwinuko wake. Shika udongo wake na ulinganishe na wako.

Kisha chimba shimo la sentimita 50, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Ukikuta kesho yake bado maji yamo, panda kwenye tuta au chagua sehemu iliyoinuka. Yakiisha ndani ya dakika chache, udongo ni wa kichanga mno. Ongeza mboji na ufunike ardhi kwa nyasi kavu au majani. Majani ya mwanzi wenyewe usiyafagie. Yana silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga, ambayo mmea huirudia kutoka ardhini, na yanalinda ile nusu mita ya juu isikauke.

Panda mvua zinapoanza, ili mche ushike kabla ya kiangazi chake cha kwanza, na usitegemee shina nene mapema: kila msimu machipukizi mapya huwa manene kuliko ya msimu uliotangulia, mpaka kichaka kifikie uwezo ambao udongo wa hapo unaruhusu.